Salamu Fupi Kwenye Shimo la Mbolea

Wanangu, na nyinyi wajukuu mnaoziba pua kila mkipita nyuma ya banda langu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini mtu akinisalimu kwa kirefu naanza kujikuna mkono wa kulia. Siyo ugonjwa. Ni ukumbusho wa kazi iliyonilisha tangu Mwingereza akiwa hapa, kazi ambayo siku moja nusura initie aibu ya maisha.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nililipwa miaka mingi kuyazoa. Maji ya kuogea, ya vyombo, ya kufulia, na yale ya chooni ambayo hamtaki niyataje mkiwa mnakula, yote yaliyomwagwa na kambi nzima ya wakata mkonge yalikuja kwangu. Mtu anakula mchicha, anautoa, anausukumia mbali asiuone, halafu anakwenda dukani kununua mbolea ya chumvichumvi ya kuoteshea mchicha mwingine. Mkiniambia huo ndio ustaarabu nitawasikiliza kwa heshima, lakini msitegemee niwaelewe.

Shamba lile la mkonge lilikuwa upande wa Kibaha, ukitoka Sofu kwenda Mlandizi. Mimi nilitokea Masaki, huku Kisarawe, kwa wazee wangu wakulima wa mihogo na mikorosho. Nilikwenda kukata mkonge kama vijana wenzangu. Miiba ikanishinda kabla ya mwezi kwisha. Nyapara akaniangalia mikono ilivyovimba, akasema kuna kazi moja tu isiyogombewa na mtu, akanipeleka kwa Fundi Yohana.

Fundi Yohana alikuwa Mlutheri wa Kisarawe mjini, mfupi, mwenye maneno machache, na nitawaambia jambo mtakalolishangaa: alikuwa mtu msafi kuliko wote pale kambini. Alioga mara mbili kwa siku. Jumapili alivaa shati jeupe ambalo hata karani wa ofisini alilitamani. Siku ya kwanza alinipa beleshi, mabuti na kipande cha sabuni, akasema kati ya hivyo vitatu, sabuni ndiyo itakayoisha kwanza, na ikikaa sana atajua mimi si mfanyakazi.

Kabla yake, maji machafu ya kambi yalituama nyuma ya vibanda. Mbu walishiba. Watoto walichezea humo humo, wakawa na matumbo makubwa na macho meupe kwa safura. Fundi alichimba mfereji, akautia mawe, ukapeleka maji yote kwenye shimo kubwa lililojengewa kuta. Humo maji yalitulia. Mashapo yakazama chini, maji mepesi yakapanda juu na kutokea upande wa pili hadi kwenye migomba. Ile migomba ilizaa mikungu ya kubebwa na watu wawili. Mashapo tuliyachota, tukayapanga kwenye lundo: nyasi kavu chini, mashapo juu yake, majivu kidogo, udongo kidogo, kisha nyasi tena. Lundo likikauka tulilimwagia maji yale yale. Kipimo cha unyevu ni tambara lililokamuliwa. Ukilifinya likidondosha tone, umezidisha. Likibaki kavu mkononi, hakuna kitakachooza humo hata ukisubiri mpaka Idi mbili.

Nilikosea sana, msidhani nilizaliwa najua. Fundi aliniambia mkojo ni mbolea kali, uchanganywe na maji mengi kabla ya kumwagiwa mmea. Mimi nikasikia "mbolea kali" na masikio yakafunga kazi. Nyapara alikuwa na nyanya zake nzuri mlangoni. Nikataka kumfurahisha, nikazimwagia debe zima bila kuchanganya. Kesho yake asubuhi zilikuwa zimebabuka majani yote, na nyapara amesimama kati yake akiuliza ni nani aliyemwagia nyanya zake maji ya moto. Fundi hakunisema. Alinipeleka kwenye migomba, akanifanya nichanganye debe moja la mkojo na madebe kumi ya maji, niyabebe mwenyewe kutoka kisimani. Nilipofika debe la saba nilikuwa nimeelewa somo lote.

Lakini jambo kubwa katika kazi yetu lilikuwa moto. Lundo likipangwa vizuri huchemka lenyewe ndani, bila kiberiti. Moto huo ndio unaoua mayai ya safura. Bila moto, hicho mnachokiita mbolea ni choo kilichohamishwa. Mtu ataingia shambani pekupeku, mdudu ataingia kwa nyayo, na baada ya miezi mtu huyo hawezi kupanda kilima bila kukaa chini. Bwana afya alikwishatuonya kwamba akiugua mtu mmoja tu kwa mbolea yetu, mashimo yatafukiwa siku hiyo hiyo, na kambi irudi kwenye madimbwi yake.

Sasa moto huo tuupimeje? Kipimajoto kilikuwepo hospitali tu. Fundi Yohana akatengeneza chake. Alisimika bomba pana la chuma katikati ya lundo, chini limezibwa. Ndani yake alishusha kopo la maji safi lililofungwa waya. Likikaa humo tangu alfajiri mpaka saa nne, maji yanapata moto ule ule wa lundo. Hapo mmoja analivuta kopo na kutia mkono, mwingine anamsalimu. Hujambo? Habari za nyumbani? Watoto? Shamba? Basi, maneno hayo manne, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani anayekutana na mwenzake njiani. Ukiweza kuitikia yote na mkono bado umo, lundo ni bichi. Ukiuchomoa kabla ya kufika swali la shamba, lundo limechemka.

Mnacheka. Kipimo kile hakikutudanganya hata mara moja, ila mara ile nilipokiharibu mimi.

Kila lundo tulilipindua mara tatu, na kila baada ya kulipindua tulipima. Kipimo cha tatu ndicho cha ruhusa. Lundo likichemka kwa mara ya tatu tunalifunika siku saba, kisha linatoka kwenda mashambani.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa Sofu. Msichana aliitwa Mwanaidi, binti wa Mzee Mrisho, mkulima wa bustani bondeni. Alikuwa akija kambini na shangazi yake kuuza mchicha na bilinganya, na shangazi alikaa katikati yetu kama ukuta wa msikiti. Hata hivyo ukuta hauzibi sauti. Siku moja Mwanaidi aliuliza, akimtazama shangazi yake, hivi mbolea ile ya kambini mtu anajuaje kama imeiva. Nikamjibu shangazi, kwa kujidai, kwamba mimi sihitaji hata kopo: mbolea iliyoiva hunuka udongo wa mvua ya kwanza, na mbichi hunuka ilikotoka. Shangazi akasema hakuuliza. Mazungumzo yetu yote ya uchumba yalikuwa hayo.

Posa ikakwama. Watu walikuwa wananiita Bwana Uvundo. Kwenye shughuli mikeka ilikuwa mipana ghafla pale nilipoketi. Mzee Mrisho alimwambia mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, kwamba hana neno na ukoo wetu, ila hawezi kumpa binti yake mtu asiyejulikana anashika nini mchana kutwa. Atakuja mwenyewe kuiona kazi hiyo, ndipo aseme.

Akaja wiki ambayo Fundi Yohana hayupo. Fundi alikuwa amekwenda Kisarawe kumzika baba yake, na kazi yote akaniachia mimi, pamoja na lundo kubwa lililokuwa linasubiri kipimo cha tatu. Asubuhi ile nilivuta kopo, nikatia mkono, nikawa natafuta kwa macho mtu wa kunisalimu. Nikamwona Mzee Mrisho anakuja kwenye mfereji, kanzu ameikunja mpaka magotini, fimbo mkononi.

Nilimwamkia nikiwa nimeinama, mkono bado umo ndani ya kopo. Nikamweleza kipimo chetu, nikamwomba anisalimu. Akafurahi. Sasa fikirini, vijana. Mzee wa Sofu anamsalimu kijana anayemposea binti yake. Aliniuliza habari za nyumbani, akauliza nyumbani wapi hasa, Masaki ya juu au ya bondeni. Akauliza habari za baba, za mama, za mjomba, mguu wa mjomba unaendeleaje. Mihogo mwaka huu? Na mikorosho, imechanua? Aliyekufa kule mwaka jana, Mungu amrehemu, alikuwa nani yenu? Mimi naitikia, naitikia, jasho linanitoka, na kwa kukaa sana, hata maji yale ya uvuguvugu yakawa yanaanza kuuma. Nani angemwambia mkwewe mtarajiwa afupishe? Alipofika kwa bibi yangu mzaa mama, nikachomoa mkono. Ulikuwa mwekundu. Nikauinua aone, nikasema limechemka, mzee, limechemka sawasawa.

Akautazama ule mkono, akasema kumbe ni kazi ya kiume. Akaomba apelekewe mikokoteni miwili ya mbolea kwenye bustani yake, siku zake saba zikitimia. Nilimwitikia nikiona harusi iko mlangoni.

Siku ya kupakia, pua yangu iliniambia kitu. Nikaiambia inyamaze. Ndiyo sehemu ya habari hii inayonitia haya mpaka leo, kwa sababu hapo sikudanganywa na salamu. Nilijua harufu ile, nikaamua kutoijua. Mikokoteni ikaondoka na nusu ya lundo, wapakiaji wakiwa na mabuti ya kambi, mimi nikiwa nimevaa shati la Fundi la Jumapili.

Fundi Yohana alirudi kesho yake alfajiri. Nilimpa pole ya msiba. Kisha akatembea hadi kwenye nusu ya lundo iliyobaki, akasimama, akanusa. Alilishusha kopo, akakaa kivulini akisoma kitabu chake cha nyimbo mpaka saa nne. Akalivuta, akaniambia nitie mkono.

Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Shamba? Salama. Mkono ulikuwa umo, umetulia kana kwamba nanawa kabla ya kula.

"Siku ile ya kipimo," aliniuliza, "nani alikusalimu?"

"Mzee Mrisho."

Alifumba macho. "Mkwe hasalimu, Salumu," alisema taratibu. "Mkwe anapeleleza. Imekwenda wapi nusu ya pili?"

Nilimwambia, na nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe ndipo nilipoelewa. Bustani ile ilikuwa ikilimwa na Mwanaidi. Alilima pekupeku, kama wasichana wote wa wakati ule. Sikufikiria posa tena, naapa. Niliona nyayo zake tu, zinaingia na kutoka kwenye matuta yale, na mimi ndiye niliyeyapeleka madudu mpaka mlangoni kwao, kwa mkokoteni, nikiwa nimevaa shati jeupe.

Kwetu mposaji haendi kwao msichana mwenyewe. Kila neno hupita kwa mshenga. Nikasema nimtafute mjomba. Fundi akaniambia mjomba hakutia mkono kwenye kopo, na habari hii haina mshenga. Tukatoka wawili kwa miguu, jua kali, yeye mbele mimi nyuma. Sijawahi kuiona njia ya Sofu ndefu namna ile. Njiani nilimuuliza kama mashimo yatafukiwa. Akasema yakifukiwa atachimba mengine, lakini mtu akifukiwa hachimbuliwi.

Tulipotokea bondeni nilimwona Mwanaidi kwa mbali, katikati ya matuta, kanga ameifunga kiunoni, miguu mitupu. Na matuta yalikuwa meusi. Nilianza kukimbia. Mzee Mrisho alikuwa ameketi ukingoni akichambua mbegu, akashangaa kuniona. Sikumsalimu ipasavyo, Mungu anisamehe.

"Shikamoo, baba. Ile mbolea ni mbichi. Nilikosea kupima, na nilipoinusa nikanyamaza. Mwanaidi asiikanyage. Mtu yeyote asiikanyage."

Mzee aliweka ungo chini. Alinitazama mimi, akamtazama Fundi aliyekuwa bado anahema, kisha akamwita binti yake, akamwambia aseme mwenyewe iko wapi mbolea ya huyu bwana.

Mwanaidi alinyoosha mkono kuelekea migomba ya mbali, nje kabisa ya bustani. Lundo lilikuwa pale, zima, limefunikwa makuti na kuzungushiwa miiba kuku wasipekue. Weusi ule wa matuta ulikuwa majivu na maji aliyomwagia asubuhi.

"Niliwaambia wenye mikokoteni wamwage kule," alisema, akimtazama baba yake. "Alisema mwenyewe iliyoiva hunuka udongo wa mvua ya kwanza. Hii inanuka kambi."

Nilichuchumaa pale pale. Nadhani nililia kidogo, na kama sikulia basi ni kwa sababu jasho lilikuwa limemaliza maji yote. Pumzi niliyoishusha nilikuwa nimeibeba tangu kambini. Maneno niliyoyasema kwa kujidai, mbele ya shangazi, binti yule alikuwa ameyaweka vizuri kuliko mimi mwenye kazi.

Mzee Mrisho aliniuliza jambo moja tu. Siku ile nilichomoa mkono kwa sababu ya moto au kwa sababu yake? Nikamwambia kweli: kwa sababu yako, baba, salamu zilikuwa ndefu. Akainamisha kichwa, nikaona kwisha habari yangu. Kumbe anakusanya kicheko. Alicheka hadi akalazimika kushika fimbo, akasema mkewe amemwambia hivyo tangu walipooana na hakuwahi kuamini.

Hatukuirudisha mbolea kambini. Fundi alisema kilichoharibikia Sofu kitengenezwe Sofu. Tulilipanga upya lundo pale pale migombani, nyasi kwa majivu, sisi wawili na mabuti yetu. Maji tuliyapata nyumbani kwa mzee. Tulichimba shimo dogo nyuma ya bafu, tukalitia mawe, maji ya kuoga na ya vyombo yakaanza kuja yenyewe. Mama yake Mwanaidi kwanza alisimama mlangoni mikono kiunoni. Siku ya tatu alikuwa ananiuliza kama maji ya kuoshea samaki nayo yanafaa. Nikamwambia hayo ndiyo matamu.

Nilikwenda kila siku baada ya kazi, nikapindua, nikapindua tena. Mara ya kwanza lilichemka, mara ya pili likachemka. Siku ya kipimo cha tatu Fundi Yohana alikuja na kopo lake, na nyumba nzima ikatoka kuangalia. Kopo likavutwa. Mzee Mrisho akajisogeza, akakohoa, akarekebisha kofia yake tayari kunisalimu.

Fundi akamzuia kwa adabu zote. "Samahani, mzee wangu. Wewe una salamu za watu wasio na haraka."

Watu wakacheka, mzee akacheka nao. Kisha akatulia, akageuka nyuma walikosimama wanawake. Wakati ule msichana kusemeshana na mposaji mbele ya baba yake, jambo hilo halikuwepo. Mzee alijua alichokuwa anakifanya.

"Mwanaidi," alisema, "njoo umsalimu."

Akaja, akasimama upande wa pili wa lundo. Kwa mara ya kwanza alinitazama mimi, si shangazi wala baba. Nikatia mkono.

"Hujambo?"

Nilichomoa mkono kabla sijafungua mdomo. Maji yaliniunguza mpaka kwenye kifundo. Lundo lilikuwa limechemka kuliko lundo lolote nililowahi kulipanga, na watu walikuwa wanapiga makofi, na mama yake alikuwa anapiga vigelegele kwa ajili ya mbolea, jambo ambalo sijalisikia tena popote.

Ndiye bibi yenu huyo, anayewasonya mkiziba pua. Mchicha wa nyuma ya banda bado unakunywa maji yake ya vyombo, na yeye ndiye anayeninusia mbolea kabla sijaitoa, kwa sababu pua yangu haiaminiki. Asubuhi nyingine, akinipa maji ya kunawa, hunikumbusha kwamba kuna salamu moja aliyonipa Sofu, na mpaka leo sijaiitikia.